Mkono na Moyo: Uhakiki wa Fundisho la Gordon Allport juu ya Kukutana kwa Watu

Methali mbili za Kiswahili hazipatani. Ya kwanza husema kwamba asiyekujua hakuthamini. Ya pili huonya kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Kwa mujibu wa ile ya kwanza, uovu wa kabila kwa kabila na wa dini kwa dini hutokana na kutofahamiana, na dawa yake ni kukutana. Kwa mujibu wa ile ya pili, awezaye kutudhuru kuliko wote ni yule aliye karibu nasi kuliko wote. Katika mahubiri yetu, katika semina za ujirani mwema, na katika insha za wanafunzi wa theolojia, methali ya kwanza ndiyo iliyoshinda. Sentensi isemayo kwamba ukabila utakwisha watu wakifahamiana hupita midomoni mwetu kama Amina, wala hakuna anayeuliza inatoka wapi.

Katika umbo lake la kitaaluma inatoka kwa Gordon Allport (1897–1967), mwanasaikolojia Mmarekani aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Harvard, na hasa katika sura ya 16 ya kitabu chake The Nature of Prejudice, kilichotolewa mwaka 1954. Huo ndio mwaka ambao Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Brown, iliamua kwamba kuwatenga watoto weusi na weupe katika shule za umma ni kinyume cha Katiba. Kitabu na hukumu vilizaliwa katika tumaini moja: watoto wakiketi dawati moja, kizazi kijacho kitakuwa kingine. Tunakusudia kukihakiki kitabu hiki kwa heshima kinayostahili, na kumwuliza mwenye kitabu swali ambalo sisi watumishi wa sharika hukutana nalo kila wiki. Kukutana kwa kila siku, sokoni, kazini, jikoni, kwenye basi, hufanya nini hasa kwa mtu? Je, hubadili moyo wake, au hufanya jambo jingine?

Alichosema Allport

Kwanza tumtendee haki, maana wengi wanaolitumia wazo lake wamelipunguza. Allport hakusema kwamba kukutana kwa namna yoyote huondoa dhana mbaya. (Kwa "dhana mbaya" tunamaanisha ile hukumu ambayo mtu huipitisha juu ya mwenzake kwa sababu ya kundi lake, kabla ya kumsikiliza na hata baada ya ushahidi kuikanusha.) Aliona wazi kwamba kupishana tu njiani kunaweza kuzidisha dhana hiyo, kwa kuwa kila tunayepishana naye tunamvika sura tuliyokuwa nayo kichwani tangu zamani. Ili kukutana kuwe na faida alitaka mambo manne: wanaokutana wawe na hadhi sawa mahali pale, wawe na lengo moja, walitafute lengo hilo kwa kushirikiana, na mamlaka, iwe ni sheria, desturi au viongozi, iunge mkono kukutana kwao.

Alikuwa na ushahidi. Mapema mwaka 1945 jeshi la Marekani lililokuwa likipigana Ulaya liliweka vikosi vidogo vya askari weusi waliojitolea ndani ya kompania za askari weupe. Baadaye weupe waliulizwa kama wangeuchukia sana mpango wa namna hiyo. Miongoni mwa wale ambao vitengo vyao havikuwa na vikosi hivyo, asilimia 62 walijibu kwamba wangeuchukia sana. Miongoni mwa wale waliokwisha kupigana katika kompania moja na weusi, waliojibu hivyo walikuwa asilimia 7. Mchungaji asomaye tarakimu hizo hutamani kuzipeleka moja kwa moja mimbarani. Wala tafiti zilizofuata hazikumwangusha Allport. Mwaka 2006 Thomas Pettigrew, aliyekuwa mwanafunzi wake, pamoja na Linda Tropp, walikusanya tafiti 515 zilizohusu watu zaidi ya 250,000 katika nchi 38, wakaona kwamba karibu kila mahali wale waliokutana zaidi na kundi jingine walikuwa na dhana mbaya pungufu juu yake.

Basi udhaifu wa fundisho hili hatuutafuti katika hesabu zake. Tunauona katika masharti yake. Hadhi sawa, lengo moja, ushirikiano, na mamlaka yenye nia njema: hivi ndivyo vitu ambavyo dhana mbaya huviharibu kwanza inapoingia katika jamii. Tabibu huyu ana dawa imfaayo mgonjwa aliyekwisha kupata nafuu. Aidha, masharti hayo hulifanya fundisho lisiweze kushindwa. Kukutana kukileta heri, tunasema fundisho limethibitika. Kukileta shari, tunasema sharti mojawapo halikutimia. Mwalimu wa mantiki asingelipitisha jibu la namna hiyo katika mtihani.

Lakini hata hilo si kubwa kuliko dhana iliyo chini ya kitabu kizima. Allport, kama mwanasaikolojia, alidhani kwamba dhana mbaya ni kitu kilichomo ndani ya mtu, nasi tukikibadili kitu hicho, matendo yake yatafuata. Kukutana kungeingia moyoni kama maji yaingiavyo katika mbegu, na mkono ungefuata moyo. Hapa ndipo tunapoachana naye.

Shimoni na juu ya shimo

Miaka miwili kabla ya kitabu cha Allport, mtafiti aitwaye Minard aliandika juu ya wachimbaji wa makaa ya mawe wa eneo la McDowell, katika jimbo la West Virginia. Chini ya ardhi weusi na weupe walifanya kazi pamoja, katika giza moja, chini ya paa moja liwezalo kuwaangukia wote. Walipopanda juu na kufika mjini walitengana, kila mmoja kwenye makao na starehe za watu wa rangi yake. Kwa makadirio ya Minard, kati ya wachimbaji weupe kama asilimia 20 waliwatendea weusi vema shimoni na mjini vilevile, na asilimia 20 nyingine waliwabagua kotekote. Waliobaki, yaani takriban asilimia 60, walibadilika mlangoni pa shimo.

Hao asilimia 60 wanatufundisha kuliko wote. Tukiwaita wanafiki tutakuwa tumekwepa kazi ya kuwaelewa. Mnafiki anajua kwamba sura yake moja ni ya uongo. Lakini mchimbaji huyu hakuona kwamba anadanganya asubuhi wala jioni. Shimo lilikuwa na kanuni zake na mji ulikuwa na kanuni zake, naye alizitii zote mbili. Masharti yote manne ya Allport yalitimia kila siku kwa muda wa saa za kazi, na athari yake ilikoma pale pale kanuni ilipokoma. Kukutana kulimfundisha mtu jinsi ya kuenenda shimoni. Hakukumfundisha jinsi ya kuenenda.

Msomaji wa Wagalatia 2:11–14 atakuwa amekwisha kuuona mlango huo wa shimo. Petro alikuwa amekwisha kukutana na watu wa Mataifa. Habari za Kornelio katika Matendo 10 zaonyesha kwamba hata moyo wake ulikuwa umefundishwa, tena kwa maono. Kule Antiokia alikula pamoja nao. Kisha walikuja watu kutoka kwa Yakobo, naye akajitenga, na Barnaba akavutwa pamoja naye. Vitabu vingi vya ufafanuzi hukimbilia kuuchunguza moyo wa Petro: aliogopa nini, aliamini nini hasa. Paulo hafanyi hivyo sana. Kitenzi cha Kigiriki anachokitumia katika aya ya 14, orthopodein, ni kitenzi cha miguu. Shitaka lake ni kwamba hawakutembea sawasawa. Moyo wa Petro huenda ulikuwa pale pale ulipokuwa juzi yake. Mkono ndio ulioondoka katika bakuli, na uliondoka kwa sababu mamlaka ilikuwa imeingia chumbani.

Aliye karibu kuliko wote

Hatuna haja ya kusafiri hadi West Virginia. Katika nyumba nyingi za mijini hapa Tanzania, zikiwemo nyumba za wachungaji, anaishi msichana aliyetoka mkoa mwingine, anayefua, anayepika na anayelea. Twamwita dada. Watoto humpenda, na mara nyingi lugha yao ya kwanza wameisikia kwake. Hakuna kukutana kwa karibu kuliko huko: huyu anajua ugonjwa wa baba, hasira ya mama, na deni la dukani. Hata hivyo katika nyumba ngapi huketi mezani wakati wa chakula? Na katika nyumba hizo hizo ndimo tunamosikia hukumu zilizo imara kabisa juu ya watu wa mikoa: wa mahali fulani ni wachapakazi lakini wajeuri, wa mahali fulani ni wapole lakini wazito wa kuelewa. Wanaosema hivyo hawasemi kwa kutojua. Hudai kwamba wanajua, kwa sababu wamekaa nao. Miaka kumi ya kuishi pamoja imewapa ushahidi.

Allport angejibu kwamba hadhi hazikuwa sawa, na jibu hilo ni kweli. Lakini linaacha neno kubwa bila kusemwa, nalo ni kwamba dhana mbaya hapa haikuja kutoka mbali ikakuta kukutana kunaiondoa. Imetengenezwa ndani ya kukutana kwenyewe, kwa sahani inayobaki jikoni, na kwa jina la undugu lisilo na kiti cha undugu. Kukutana ni karakana. Ndani yake panatoka urafiki, na panatoka dharau, na mara nyingine vyote viwili hutoka siku moja kwa mikono ya mtu mmoja.

Jambo hili wanaanthropolojia waliliona mapema kuliko wanasaikolojia. Clyde Mitchell, katika kitabu chake The Kalela Dance cha mwaka 1956, alieleza ngoma ya vijana wa mji wa migodi wa Luanshya, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Wachezaji, wengi wao Wabisa, walivaa nguo nadhifu za kizungu, wakiwa na "daktari" na "muuguzi" wao, nao waliimba kuyasifu ya kwao na kuyatania makabila mengine ya mjini. Kijijini, kati ya watu wa lugha yake, kijana hana haja ya kuwa Mbisa kwa sauti kubwa namna hiyo. Ni mji, pamoja na majirani wake wa kila lugha, ulioufanya Ubisa wake kuwa jibu la swali aulizwalo kila siku. Naye Fredrik Barth wa Norwe, katika kitabu alichokihariri mwaka 1969, Ethnic Groups and Boundaries, alidai kwamba mipaka ya makabila hudumu ingawa watu huivuka kila siku, na zaidi ya hayo hudumu kwa njia ya kukutana huko huko. Tukimsoma Allport bila Barth, twadhani kwamba watu hufika penye kukutana wakiwa na utambulisho wao mkononi kama mzigo, na kazi iliyopo ni kuwasaidia kuutua. Barth anatuonyesha kwamba mzigo hufungwa pale pale.

Anayetaka kuona jinsi unavyofungwa na asikilize swali "Kwenu ni wapi?" likiulizwa katika kamati ya harusi. Kamati hizi ni mojawapo ya mambo mazuri ya maisha yetu. Huketi humo Mchaga na Mnyaturu, Mkristo na Mwislamu, wote wakichangia, wote wakigombea bei ya ukumbi kwa niaba ya mtoto wa mwenzao. Swali hilo likiulizwa kwa mjumbe mpya, ni salamu tu. Likiulizwa juu ya bwana harusi, sauti hushuka. Maneno ni yale yale, watu ni wale wale, na mjumbe ambaye amekaa mezani hapo mwezi mzima kama ndugu hutambua ghafula kwamba kuna mlango ambao ndugu wa namna yake hapiti.

Kilimani

Yote hayo huweza kuvumilika. Rwanda haivumiliki, na mtu asiyeipitisha nadharia ya Allport katika Rwanda ya mwaka 1994 hajaijaribu bado.

Wahutu na Watutsi walizungumza lugha moja, Kinyarwanda. Waliishi katika vilima vile vile, hawakutengwa katika mitaa miwili. Walioana. Walibatizwa katika makanisa yale yale na kushiriki meza moja. Miaka ya 1930 utawala wa Kibelgiji ulianza kuandika kabila la kila mtu katika kitambulisho chake, na serikali zilizofuata uhuru ziliyaendeleza maandishi hayo. Mwaka 1994 kitambulisho hicho ndicho kilichoombwa vizuizini. Watu walikimbilia makanisani, Ntarama, Nyamata, Nyarubuye, wakauawa humo kwa maelfu. Sisi tulio Tanzania tuliishi na kesi hizo karibu nasi, kwa kuwa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliketi Arusha hadi ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2015. Miongoni mwa waliotiwa hatiani humo, mwezi Februari 2003, alikuwamo mchungaji.

Mtafiti Scott Straus aliwahoji wauaji 210 waliokuwa wamehukumiwa, akachapisha matokeo yake mwaka 2006 katika kitabu The Order of Genocide. Walio wengi walieleza kwamba kabla ya mwaka 1994 walipatana vema na majirani wao Watutsi. Wengi wao walikuwa na Watutsi katika jamaa zao wenyewe. Walipoulizwa kama wangekubali mtoto wao aoe au aolewe na Mtutsi, karibu wote walisema wangekubali. Ni kweli mfungwa ana sababu ya kujipamba. Hata tukiyapunguza majibu yao kwa nusu, bado hatupati watu waliokosa kufahamiana. Allport ameandika ngazi mashuhuri ya dhana mbaya, yenye vidato vitano: kusema vibaya, kuepuka, kubagua, kushambulia, na kuangamiza. Ngazi hiyo hufundishwa kana kwamba mtu hupanda kidato baada ya kidato. Katika vilima vya Rwanda wako waliofika kidato cha tano bila kupita cha pili: hawakuwa wamewaepuka majirani zao hata siku moja.

Mtetezi wa Allport ataonyesha sharti la nne. Mamlaka, yaani serikali, redio, meya, na mara nyingine mchungaji, ilikuwa imeamuru kinyume. Twakubali. Lakini basi tuyapime maneno hayo kwa uzito wake wote. Ikiwa sharti la nne likivunjwa linaweza kubatilisha ujirani wa vizazi kwa muda wa siku mia, si sharti mojawapo kati ya manne. Ndilo lililoyabeba mengine. Na kazi ambayo tuliihesabu kuwa ya kukutana ilikuwa, kwa sehemu kubwa, kazi ya sheria na desturi iliyokuwa nyuma ya kukutana. Tanzania katika sensa ya mwaka 1967 iliuliza kabila kwa mara ya mwisho. Sensa zote zilizofuata hazikuliuliza. Tendo hilo dogo la karani, la kufuta safu moja katika fomu, halimo katika orodha za mambo tunayoyataja tunapozishukuru baraka za amani yetu. Twadhani lastahili kuwamo, juu ya matamasha mengi.

Mkono

Tafiti za miaka ya karibuni zinaelekea upande huo huo, nazo zinapendeza kwa kuwa zimefanyika mahali penye damu ya kweli. Kaduna, kaskazini mwa Nigeria, ni mji uliopata machafuko makubwa kati ya Wakristo na Waislamu miaka ya 2000, 2002 na 2011. Alexandra Scacco na Shana Warren waliwachagua kwa kura vijana wa kiume zaidi ya 800, wakawaweka wengine katika madarasa ya kompyuta yenye mchanganyiko wa dini, na wengine katika madarasa ya dini moja, kwa muda wa majuma 16. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2018 yanashangaza. Dhana za vijana juu ya dini ya pili hazikubadilika kwa kiasi cha kupimika. Matendo yalitofautiana: walipopewa nafasi ya kugawa fedha, wale wa madarasa ya mchanganyiko waliwabagua wenzao wa dini ya pili kidogo kuliko wale wa madarasa ya dini moja.

Mwaka 2020 Salma Mousa alichapisha habari za Wakristo wa kaskazini mwa Iraki, waliokuwa wamefukuzwa makwao na wapiganaji wa Dola la Kiislamu. Timu zao za mpira ziliongezewa wachezaji, baadhi ya timu zikapata Waislamu na nyingine Wakristo. Wakristo waliocheza na Waislamu walikuwa tayari zaidi kumpigia kura Mwislamu wa timu nyingine apewe tuzo ya mchezaji mwungwana, na miezi sita baadaye walikuwa bado wakifanya mazoezi pamoja na Waislamu. Lakini kwenda kula katika mkahawa wa Mosul, kati ya Waislamu wasiowajua, hawakwenda zaidi ya wenzao. Mlango wa shimo tena.

Mtu aliyelelewa na Allport atayaita matokeo hayo nusu ya ushindi: mkono umebadilika, moyo bado. Mtu aliyelelewa na Luther hana sababu ya kuona upungufu hapo. Tumefundishwa kwamba sheria ina kazi yake ya kwanza katika jamii, ambayo ni kuuzuia mkono, ili jirani aishi. Na kwamba sheria haiwezi kuugeuza moyo, wala haikupewa kazi hiyo. Kosa la fundisho la kukutana, kama linavyofundishwa vyuoni na katika semina zetu, ni kuliwekea tendo la sheria matumaini ya Injili. Tunawakalisha vijana wa dini mbili meza moja kwa siku tatu, na jioni ya tatu tunawauliza kama sasa wanapendana. Wakisema ndiyo tunaandika ripoti kwa wafadhili. Ingefaa tuwaulize jambo la chini zaidi na gumu zaidi: nani atawagawia chakula, nani atakuwa na ufunguo wa stoo, nani atakata rufaa kwa nani akionewa.

Wazee wetu walilijua jambo hilo, nao walilipa jina la utani. Wahehe na Wangoni walipigana vikali katika karne ya 19, na leo ni watani. Utani haumtaki mtu ampende mwenzake, wala haumwulizi anavyojisikia. Unampa haki na wajibu: haki ya kutukana na kutukanwa bila ugomvi, na wajibu wa kufika msibani. Mchungaji aliyezika sana amewahi kusimamishwa penye kaburi na mtani aliyejilaza humo akidai ada yake kabla jeneza halijashushwa. Wako watumishi wanaokemea jambo hilo kama upagani. Twawaomba wasubiri kidogo. Pale kaburini hadhi zimesawazishwa kwa nguvu, kwa kuwa tajiri na maskini, mkubwa na mdogo, wote hutukanwa sawa na wote huweza kujibu. Na desturi, ambayo ndiyo mamlaka, imesimama nyuma ya tendo zima. Masharti ambayo Allport aliyaomba, utani uliyatunga wenyewe pale ambapo hapakuwa na kitu ila kumbukumbu ya vita.

Hatusemi kwamba utani unatosha. Una mipaka yake, nayo ni mikali: hufanya kazi kati ya makundi yaliyotajwa tu. Msichana wa jikoni hana utani na mama mwenye nyumba. Mkimbizi hana mtani katika wilaya aliyopokelewa. Mtu mwenye ualbino amesikia mizaha mingi ambayo hakuwahi kupewa haki ya kuijibu. Na mzaha wa kabila unaosemwa na mkubwa ofisini, hata ofisi ya kanisa, kwa mdogo asiyethubutu kurudisha neno, umekopa sauti ya utani ukaacha sheria yake.

Wenzetu wanaofundisha malezi ya kichungaji watatupinga kwamba tumeudharau moyo. Allport mwenyewe angewaunga mkono. Mwaka aliofariki, yeye na Michael Ross walichapisha utafiti uliotofautisha waumini wanaoitumia dini yao na waumini wanaoiishi, wakaona kwamba dhana mbaya iliwakalia zaidi wale wa kwanza. Hatuupingi utafiti huo. Moyo hubadilishwa, nasi tumeitwa kulihubiri Neno libadilishalo. Tunachokataa ni kulikabidhi Neno hilo kwa mratibu wa semina, na kuiacha bila mwenyewe kazi ya mkono, ambayo inaweza kupangwa, kupigiwa kura, na kuandikwa katika kanuni za usharika.

Wala upimaji wa kazi hiyo haujafika mbali. Mwaka 2018 Elizabeth Levy Paluck na wenzake walizipitia tafiti za kukutana zilizofanywa kwa njia ya kura, zile tu zilizopima matokeo angalau siku moja baadaye. Zilikuwa 27. Walitafuta humo utafiti hata mmoja uliohusu dhana mbaya za rangi au kabila kwa watu waliopita umri wa miaka 25, wasiupate. Huo ndio umri wa wazee wa kanisa, wa watunza hazina, na wa wajumbe karibu wote wa halmashauri zetu.